Waingereza wa Vitabuni na Mizani ya Bariadi

Kitabu cha kujifunzia Kiingereza huwa na watu wake. Fungua sura ya historia utamkuta Malkia Victoria, aliyetawala tangu 1837 hadi 1901. Utamkuta David Livingstone na Biblia yake, Henry Morton Stanley na bunduki yake, na pengine Richard Arkwright na mashine yake ya kusokota nyuzi. Mwanafunzi wa Bariadi, Itilima au Meatu hukariri miaka yao, hujibu maswali matano yaliyo chini ya ukurasa, kisha hufunga kitabu akiamini kuwa watu hao waliishi mbali na hawakuhusiana na kwao kwa lolote.

Kumbe wamo kwenye ramani ya mkoa wake. Simiyu, mkoa uliozaliwa Machi 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga na Mwanza, unaligusa ziwa upande wa Wilaya ya Busega tu. Maji yanayopiga ufukwe wa Lamadi ni ya Ghuba ya Speke, na ghuba hiyo ni mkono wa Ziwa Victoria. Majina mawili makubwa ya Uingereza yamekaa juu ya maji ambayo wavuvi wa Busega huyaingia kila usiku.

Lakini wako Waingereza wengine, mafundi na wafumaji wasio na cheo, ambao vitabu hivyo huwataja kwa nadra. Hawakufika Afrika wala hawakuacha jina kwenye mlima au mto. Walichoacha ni kanuni, na kanuni hiyo ilifika Usukuma ikakaa juu ya mizani ya pamba. Ukiyaweka makundi haya mawili bega kwa bega ndipo unapoona ni lipi hasa lililobadili maisha ya Msukuma.

Maji yaliyopewa majina

Julai 9, 1858, msafara mdogo uliondoka Kazeh, makazi ya wafanyabiashara wa Kiarabu karibu na Tabora ya leo, ukashika njia ya kaskazini. Mkuu wake alikuwa John Hanning Speke, ofisa wa jeshi la Waingereza huko India, mwenye umri wa miaka 31. Kiongozi wa safari nzima, Richard Francis Burton, alibaki Kazeh akiuguza mwili na kuandika kumbukumbu zake. Wawili hao walikuwa wametoka pwani mwaka uliotangulia. Mwezi Februari walifika Ujiji, Burton akiwa hawezi kutembea na Speke akiwa haoni vizuri kwa maradhi ya macho.

Burton alikuwa bingwa wa lugha na Kiarabu alikimudu. Speke hakujua Kiarabu wala Kiswahili. Kila alichouliza na kila alichojibiwa kilipitia kinywani mwa mtu mmoja, Sidi Mubarak Bombay. Huyu alizaliwa kwa Wayao, akatekwa akiwa mtoto, akauzwa Kilwa na kupelekwa India. Bwana wake alipofariki, Bombay akawa huru, akarudi Afrika Mashariki na kuwa askari wa Sultani wa Zanzibar. Kihindustani alichojifunza utumwani ndicho alichozungumza na Speke. Swali lilitoka kwa Speke kwa Kihindustani, Bombay akaligeuza Kiswahili, mtu mwingine akaliingiza katika lugha ya wenyeji, na jibu likarudi kwa njia hiyo hiyo.

Agosti 3, 1858, Speke alipanda kilima karibu na Mwanza akaona maji yasiyo na mwisho. Alizungumza na mtemi Mahaya na Mwarabu mmoja aitwaye Mansur. Alitaka kuvuka hadi Ukerewe, chombo hakikupatikana. Aliuliza ziwa linaishia wapi upande wa kaskazini, hakuna aliyewahi kufika huko. Hapo akafanya jambo ambalo mwanafunzi wa fizikia atalielewa mara moja: alichemsha maji, akapima yalichemka kwa joto gani, akakokotoa kimo cha mahali aliposimama. Alipata takribani futi 3,700 juu ya usawa wa bahari. Vipimo vya leo vinatoa mita 1,134, na hesabu hizo mbili zimekaribiana sana.

Alikaa siku chache tu. Hakulizunguka ziwa, na hakuona mto wowote ukitoka humo. Hata hivyo alirudi Kazeh mwishoni mwa Agosti akishikilia kwamba chanzo cha Nile kimepatikana, na kwamba ziwa hilo, ambalo wenyeji waliliita Nyanza, litaitwa Victoria. Malkia mwenyewe hakuwahi kukanyaga Afrika. Burton alikataa katakata, na kutoka hapo urafiki wao ukavunjika. Speke alirudi mwaka 1860 pamoja na James Augustus Grant, akapita Karagwe kwa Rumanika na Buganda kwa Mutesa, na Julai 1862 akaona maporomoko ambayo kwayo Nile hutoka ziwani. Bado wapinzani wake hawakuridhika. Septemba 16, 1864 yeye na Burton walipangiwa kukutana mbele ya wanasayansi katika mji wa Bath. Siku moja kabla, Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa mawindoni.

Aliyekuja kumaliza ubishi ni Stanley. Alizaliwa Denbigh, Wales, mwaka 1841, kwa jina la John Rowlands, akakulia katika nyumba ya kulelea maskini. Jina la Stanley alilichukua Marekani. Baada ya kumpata Livingstone huko Ujiji mwaka 1871, magazeti mawili, Daily Telegraph la London na New York Herald, yalimgharimia safari nyingine. Novemba 17, 1874 aliondoka Bagamoyo na watu 356. Baadhi yao walibeba mabegani vipande vya mashua yenye urefu wa futi 40, iliyoitwa Lady Alice kwa heshima ya mchumba wake, Alice Pike. Mchumba huyo aliolewa na mwingine kabla Stanley hajamaliza safari.

Vipande hivyo vilibebwa kwa siku 103, zaidi ya kilomita 1,000, kupita Ugogo na Singida ya leo hadi nyanda za Usukuma. Edward Pocock, mmoja wa vijana watatu wa Kiingereza waliofuatana na Stanley, alikufa kwa homa mwezi Januari. Mapigano, njaa, maradhi na kutoroka vilipunguza watu kila wiki. Msafara ulipofika Kageye, kijiji cha ufukweni kilicho sasa katika Wilaya ya Magu, Februari 27, 1875, karibu nusu ya walioondoka Bagamoyo hawakuwamo tena.

Machi 8 vipande viliunganishwa, Lady Alice ikashuka majini. Nahodha alikuwa Safeni, mtu wa Zanzibar. Mwonyesha njia alikuwa Saramba, mwenyeji wa ufukweni. Walielekea mashariki wakiambaa pwani ya kusini ya ghuba. Ghuba hiyo Stanley aliipa jina la Speke, aliyekuwa ameshakufa miaka kumi na zaidi. Katika siku za mwanzo za safari hiyo walipita mdomo wa mto uliotoka bara, nao Stanley aliuandika Shimeeyu, kama sikio lake lilivyousikia. Ndio Simiyu, mto ambao matawi yake hutoka upande wa Serengeti na kupita nchi ya Maswa na Bariadi. Stanley aliutangaza kuwa chanzo cha kusini kabisa cha Nile. Baadaye wapimaji waliufuata mto Kagera hadi vilima vya Burundi na Rwanda, na Simiyu ukapoteza heshima hiyo.

Mei 6, 1875, baada ya karibu miezi miwili, Lady Alice ilirudi Kageye ikiwa imelizunguka ziwa zima. Ikathibitika kuwa ni ziwa moja, tena kubwa kama Speke alivyodai. Stanley alipoteremka alipewa habari kwamba Frederick Barker, kijana wa pili, alikuwa amefariki Aprili 23. Wa tatu, Frank Pocock, alikufa maji katika mto Kongo mwaka 1877.

Hiyo ndiyo habari inayofupishwa vitabuni kuwa mistari mitatu. Katika ufupisho huo wanaoanguka kwanza ni waliobeba mashua, waliotafsiri maswali na waliojua njia. Bombay angalau alikumbukwa: mwaka 1876 Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London ilimpa nishani ya fedha na pensheni, baada ya kuwatumikia Burton, Speke, Stanley na Verney Lovett Cameron. Saramba hana ghuba. Mto, hata hivyo, ulibaki na jina la wenyewe, na mwaka 2012 ukalipa mkoa mzima jina hilo.

Mzee wa Newtown na duka la Toad Lane

Miezi mitatu baada ya Speke kuliona ziwa, Novemba 17, 1858, mzee wa miaka 87 alifariki katika mji wa Newtown, Wales. Aliitwa Robert Owen, na maisha yake yote yalizunguka zao ambalo leo ndilo mshahara wa Bariadi: pamba.

Ili kumwelewa Owen ni lazima kurudi kwa Arkwright. Mwaka 1769 Arkwright alipata hataza ya mashine ya kusokota nyuzi iliyoendeshwa kwa nguvu ya maji, na mwaka 1771, mwaka aliozaliwa Owen, akajenga kiwanda Cromford. Kazi ambayo zamani familia iliifanya nyumbani ikahamia chini ya paa moja, kwa kengele na kwa zamu. Arkwright aliyeanza kama kinyozi akafa mwaka 1792 akiwa tajiri mwenye cheo. Wafanyakazi wake, wengi wakiwa watoto, hawakutajirika. Owen alipochukua uongozi wa viwanda vya pamba vya New Lanark, Uskoti, mwaka 1800, alikataa kuajiri watoto chini ya miaka kumi, akajenga shule, na akafungua duka lililouza bidhaa nzuri kwa bei ya haki. Alihubiri kwamba wafanyakazi wakiunganisha nguvu wanaweza kumiliki vitu vyao wenyewe. Majaribio yake mengi ya kuanzisha vijiji vya ushirika yalishindwa. Wazo halikufa.

Lilishika katika mji wa Rochdale, jimbo la Lancashire, mwaka 1844. Wakati huo wafumaji wa mji huo walikuwa wametoka kushindwa katika mgomo wa kudai mishahara. Chakula kilikuwa ghali, na wauzaji wengi walikuwa na hila mbili zilizojulikana na kila mama wa nyumbani. Unga ulichanganywa na vitu visivyo unga, na mizani ilipima pungufu. Mfanyakazi aliyekopa dukani hakuwa na ujasiri wa kulalamika.

Watu 28, wafumaji pamoja na mafundi wa kazi nyingine, walichanga pauni moja kila mmoja, wengine kwa senti chache kila wiki. Kwa pauni 28 walikodi chumba cha chini katika mtaa wa Toad Lane. Jioni ya Desemba 21, 1844 walifungua dirisha la duka lao. Ndani mlikuwa na siagi, sukari, unga wa ngano, unga wa oti na mishumaa michache. Vijana wa mtaani walikusanyika nje wakiwazomea. Wauzaji wengine walisema duka hilo halitamaliza mwaka.

Lilimaliza, kwa sababu ya kanuni zake. Bidhaa ziwe safi, na uzito uwe kamili. Kuuza ni kwa fedha taslimu, hakuna deni la kumfunga mtu mdomo. Faida igawanywe kwa wanachama kufuatana na walivyonunua. Kila mwanachama, mwenye hisa moja au hisa nyingi, ana kura moja. Wanawake waliruhusiwa kujiunga, katika nchi ambayo mke hakuwa na haki kisheria ya kumiliki mali yake. Hesabu zisomwe mbele ya wote kila robo mwaka. Watu hao waliojiita Waasisi wa Rochdale, akina Charles Howarth, James Smithies na William Cooper, hawakuwa na elimu ya juu. Lakini vyama vya ushirika karibu dunia nzima vinahesabu ukoo wao kutoka chumba hicho.

Pamba inafika Maswa

Pamba na ushirika zilisafiri kuja Afrika kwa njia tofauti. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani, kati ya 1861 na 1865, ilizuia pamba kufika Lancashire, viwanda vikasimama na wafanyakazi wakalala njaa. Tangu hapo wenye viwanda wa Ulaya walitafuta mashamba mahali pengine. Mwaka 1902 Waingereza waliunda chama cha kuendeleza kilimo cha pamba katika makoloni yao. Wajerumani nao, waliokuwa wakitawala Tanganyika, walianza kuipanda kusini mwa ziwa kwa ajili ya viwanda vyao.

Julai 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Waingereza yaliiteka Mwanza. Vita ilipokwisha Tanganyika ikawekwa chini ya Uingereza. Nchi ya Ntuzu, Kanadi, Itilima, Dutwa na Mwagala ikawa Wilaya ya Maswa, kila mtemi akiwa na baraza lake chini ya bwana shauri. Mwaka 1928 reli kutoka Tabora ilifika Mwanza ikipita Malampaka, na Malampaka ikawa mlango wa mizigo ya Maswa. Katika miaka ya 1930 kituo cha utafiti cha Ukiriguru kilianza kutoa mbegu zinazohimili wadudu na ukame wa Usukuma. Mkulima anayesikia mbegu ya UK 91 asidhani inatoka Uingereza. Herufi hizo ni za Ukiriguru.

Kwa hiyo Msukuma wa Ntuzu aliyepanda mwezi wa Desemba na kuchuma mwezi wa Juni akawa mwanzo wa mnyororo uliopita Malampaka na Dar es Salaam hadi soko la Liverpool. Bei iliamuliwa mwisho wa mnyororo. Yeye alikutana na sehemu moja tu ya mnyororo huo: mizani.

Mnunuzi alikuwa wakala wa mwenye kiwanda cha kuchambulia pamba, mara nyingi Muasia. Mkulima alifika na mzigo kichwani au juu ya baiskeli, wakati mwingine ametembea toka alfajiri. Karani alining'iniza mzigo, akatazama mshale, akataja namba. Mkulima asiyejua kusoma hakuwa na namna ya kuhakikisha. Na hata aliyejua, angefanya nini? Kuubeba mzigo ule ule kurudi nao kijijini? Malalamiko ya wakulima wa Kanda ya Ziwa miaka ya 1940 yalikuwa yale yale ya akina mama wa Rochdale: mizani inatuibia, na anayepima ndiye anayelipa.

Kijana aliyerudi na kanuni

Sheria ya vyama vya ushirika ilikuwapo Tanganyika tangu 1932, na Wachaga walikuwa wameitumia kuunda KNCU mwaka 1933 kwa ajili ya kahawa. Usukuma, penye watu wengi zaidi na pamba nyingi zaidi, ulichelewa. Paul Bomani, aliyezaliwa mwaka 1925, alikuwa katibu wa ushirika wa wafanyabiashara wa Kiafrika wa Mwanza. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alianza kuzunguka vijijini akiwaunganisha wakulima wa pamba. Hatua ya kwanza haikuwa kununua pamba. Wakulima walidai kuweka mpimaji wao kwenye vituo vya ununuzi, mtu atakayepima mzigo kwanza kabla haujafika kwa karani wa mnunuzi. Namba zikitofautiana, ugomvi unaanza hapo hapo mbele ya watu.

Mbinu hiyo ilienea haraka kwa kuwa Wasukuma hawakuwa wageni wa kazi ya pamoja. Vikundi vya vijana vya kulima kwa zamu, vyenye kiongozi wake, faini zake na taratibu zake, vilikuwapo kabla ya mkoloni. Aliyezoea kutozwa faini na wenzake kwa kuchelewa shambani hakushangazwa na chama chenye daftari na masharti.

Mwaka 1953 Bomani alikwenda Uingereza kusoma katika chuo cha ushirika cha Loughborough, taasisi iliyotokana na vuguvugu la Rochdale. Njia iliyofuatwa na Speke ikageuzwa: safari hii mtu wa ziwani ndiye aliyekwenda Uingereza kutazama, na alichorudi nacho hakikuwa jina la kubandika kwenye maji. Hakuwa wa kwanza kutoka upande huu. Kidaha Makwaia, mtemi wa Usiha, Shinyanga, alikuwa amesoma Oxford, na mwaka 1945 yeye na Abdiel Shangali wa Machame wakawa Waafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Lakini Kidaha aliingia katika serikali ya wakoloni. Bomani aliingia sokoni.

Mwaka 1955 vyama vya msingi vya Kanda ya Ziwa viliunda shirikisho lililoitwa Victoria Federation of Co-operative Unions, Bomani akiwa meneja mkuu. Jina la malkia likarudi, safari hii juu ya mlango wa ofisi ya wakulima. Shirikisho lilijenga viwanda vyake vya kuchambulia pamba, kuanzia Kasamwa, Geita. Hadi mwisho wa miaka hiyo ya 1950 lilikuwa limeshika ununuzi wa pamba yote ya kanda, na lilihesabiwa kuwa ushirika mkubwa kuliko wote uliomilikiwa na Waafrika barani.

Ushirika huo ulibeba zaidi ya pamba. Tangu 1947 serikali ilikuwa ikitekeleza mpango wa maendeleo wa Usukuma, uliowalazimisha watu kulima matuta, kupanda mihogo na kupunguza ng'ombe, na waliokaidi walitozwa faini. Chuki ilikuwa kubwa. TANU ilipozaliwa mwaka 1954, serikali ilikataa kuiandikisha Usukuma hadi 1958. Katika miaka hiyo minne, mahali halali pa watu kukusanyika, kupiga kura na kumhoji kiongozi palikuwa mkutano wa chama cha pamba. Mwaka 1958 ghasia za Geita ziliitikisa serikali, na amri za lazima zikaachwa. Desemba 9, 1961, Philip, mume wa Malkia Elizabeth, alisimama Dar es Salaam kukabidhi uhuru. Mwaka uliofuata Bomani, aliyepigania mizani ya vijijini, akawa Waziri wa Fedha.

Mizani inapochezewa na wa nyumbani

Ingekuwa vizuri hadithi iishie hapo, lakini haikuishia. Ushirika uliokua haraka ulihitaji makarani wengi, na makarani hao waligundua kwamba mizani ya chama nayo huweza kuchezewa. Mwaka 1966 Rais Nyerere aliunda kamati ya kuchunguza ushirika nchini. Ilikuta wizi, upendeleo na viongozi waliojiona wenye mali. Katika miaka iliyofuata serikali iliingiza mkono zaidi na zaidi. Mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa kabisa, na pamba ikawa kazi ya mamlaka ya serikali. Mkulima akapoteza kura yake.

Sheria mpya ya 1982 ilirudisha ushirika, na mwaka 1984 vyama vikuu vilisimama tena. Chama kikuu cha Nyanza kikasimama upande wa Mwanza, na kile cha SHIRECU kikahudumia Shinyanga, ambayo wakati huo ilikuwa pamoja na Bariadi, Maswa na Meatu. Soko lilipofunguliwa kwa kampuni binafsi mwaka 1994, vyama hivyo vilivyojaa madeni havikumudu ushindani. Vituo vya kununulia vikawa na mawakala wengi, kila mmoja na mizani yake. Lawama za miaka ya 1940 zikasikika upya: mzani uliochezewa, pamba ya daraja la kwanza kuandikwa daraja la pili, malipo ya ahadi. Wakulima nao baadhi walijibu kwa kumwagia pamba maji au kuichanganya na mchanga, wakaharibu jina la pamba ya Tanzania huko inakouzwa.

Mwaka 2018 serikali ilirudisha ununuzi kupitia vyama vya msingi, yaani AMCOS, na Simiyu sasa ina chama chake kikuu, SIMCU. Mkoa huu ndio unaoongoza nchini kwa uzalishaji wa pamba. Msimu unapofunguliwa, mkulima wa Dutwa au Ngulyati hupeleka pamba kwenye ghala la chama, mzigo hupimwa, karani huandika kilo na daraja kwenye stakabadhi, na fedha hufuata. Pamba ikishachambuliwa, marobota husafirishwa nje. Mikataba mingi ya pamba ya dunia bado huamuliwa kwa kanuni za chama cha kimataifa cha pamba chenye makao Liverpool, kilichoanzishwa mwaka 1841, miaka mitatu kabla ya duka la Toad Lane.

Uingereza, basi, haiko mbali na Bariadi kama kitabu kinavyodokeza. Ila Waingereza wake hawana uzito mmoja. Speke alikaa ufukweni siku chache, akaacha jina; Stanley alipita na mashua mabegani mwa watu, akaacha jina la Speke. Anayewasoma kwa Kiingereza anapata msamiati wa safari na ugunduzi, nao una faida yake darasani, mradi Bombay na Saramba wasiachwe nje ya sentensi. Wafumaji wa Rochdale wanampa kitu cha kutumia akiwa mtu mzima.

Miaka ya 1966 na 1994 imeonyesha kwamba kanuni zao hazijilindi zenyewe. Howarth na wenzake walilijua hilo, ndiyo maana waliweka sharti la kusoma hesabu mbele ya wote. Sharti hilo limo katika masharti ya kila chama cha ushirika nchini: mkutano mkuu wa kila mwaka, kura moja kwa kila mwanachama, hesabu zilizokaguliwa. Mzazi wa Itilima ambaye mwanawe ameleta nyumbani kitabu cha Kiingereza chenye picha ya Malkia Victoria anaweza kumwomba amtafutie pia habari za Toad Lane. Kisha siku ya mkutano mkuu wa AMCOS aende, ainue mkono, na aulize jinsi mizani ilivyokaguliwa msimu uliopita. Akiuliza kwa Kisukuma au kwa Kiswahili, katibu ana wajibu ule ule wa kumjibu.